Kambi ya Matibabu Haitoshi: Simama na Kibarua Mpaka Dirishani



Kijana mwenzangu, nataka nikusimulie habari ya jicho la mtu mmoja, halafu unihukumu mimi na wenzangu.

Mwaka jana, Jumamosi moja, tulipeleka kambi ya matibabu pembezoni mwa shamba la mkonge, kaunti ya Kilifi. Kama umewahi kwenda kambi hizi unajua zinavyokuwa: mahema mawili, madaktari wawili wa kujitolea, meza ya dawa, akina dada wakipima presha na sukari, bango lenye jina letu, na mpiga picha. Watu walikuja wengi, alhamdulillah. Miongoni mwao alikuja mzee mmoja, namwita mzee kwa heshima tu, manake hata hamsini hajafika. Jicho la kushoto limevimba, jekundu, linatoa maji. Siku tatu nyuma alikuwa akikata mkonge, ncha ya jani ikamdunga. Wenye kuujua mkonge mnaijua ile ncha, ni mwiba mgumu kama sindano ya kushonea gunia. Daktari wetu akamtazama, akamtilia matone, akamwandikia barua aende hospitali ya kaunti upesi aonwe na daktari wa macho. Tukampa barua. Tukampa na chupa ya matone. Tukaita anayefuata.

Jioni tukapost. Picha zilipendwa sana.

Miezi mitano baadaye tulirudi upande huohuo na makapu ya Ramadhani. Nikamwona kwenye foleni. Jicho limekuwa jeupe, halioni. Barua yetu bado alikuwa nayo, ameikunja ndani ya karatasi ya nailoni pamoja na kitambulisho chake. Usidhani alipuuza. Alienda hospitali Jumatatu ile. Dirishani akaulizwa kama ameandikishwa SHA, akasema hajui. Wakaangalia, hayumo. Wakajaribu kumwandikisha pale pale, lakini simu anayotumia ni ya shemeji yake, na ile namba ya kuthibitisha ikaingia kwenye simu ya shemeji aliyekuwa Malindi, ambaye siku hiyo hakushika simu. Akaambiwa nenda ukatengeneze mambo yako urudi. Nauli ya kurudi mara ya pili hakuwa nayo. Na nyapara alikuwa amemwambia, siku nyingine usipoonekana usije tena. Akatumia matone yetu mpaka yakaisha, halafu akatumia dawa za kienyeji.

Nilipofika nyumbani usiku nikaanza kuhesabu makosa yetu, na wallahi kosa kubwa halikuwa la hospitali.

Yule mtu aliumia kazini. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza swali hilo. Tulimpokea kama mgonjwa wa macho, tukampa matone. Kumbe kuna Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007, ile wanayoiita WIBA. Inasema mfanyakazi akiumia kazini, gharama za matibabu ni mzigo wa mwajiri, na fidia ni haki yake. Haijalishi analipwa kwa siku ama kwa mafungu ya mkonge aliyokata, wala haijalishi kama mkataba ulikuwa wa maandishi ama wa mdomo. Mwajiri akishaarifiwa ana siku 7 za kuripoti ajali kwa idara ya usalama na afya kazini. Naye aliyeumia ana miezi 12 ya kuleta dai lake. Saa ilikuwa imeanza kuhesabu siku tatu kabla hajafika kwenye hema letu, na sisi tukamwekea mkono begani tukamwambia Mungu atakuponya. Na kati yetu siku ile alikuwapo mwanafunzi wa sheria. Alikuwa akigawa maji.

Kwa hivyo leo sikuombi mchango wa dawa. Nataka nikushawishi ya kwamba familia za mashambani, iwe ni mkonge Kilifi na Taita Taveta, miwa Kwale, mashamba ya umwagiliaji ya Hola na Bura, maua Naivasha ama chai Kericho, zinachokosa zaidi ni mtu wa kuandamana nazo. Mtu mwenye simu yenye chaji, anayejua kusoma fomu, asiyeogopa kuuliza mara ya pili dirishani. Mtu huyo ni wewe. Una umri wa miaka ishirini na kitu, umemaliza shule, pengine kazi bado hujapata, na kwenye simu unaweza kufanya kwa dakika kumi jambo ambalo mama wa kambini analizungukia miezi mitatu.

Tuanze na karatasi. Babu zetu kwenye enzi ya mkoloni walivalishwa kipande shingoni, sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya vita vya kwanza, ili mtu akitoroka shamba la mzungu ajulikane na arudishwe. Karatasi ilikuwa kamba. Leo watu wengi bado wanakiita kitambulisho kipande, lakini mambo yamegeuka: mjukuu asipokuwa nacho hafungwi, anafungiwa nje. Nje ya SHA, nje ya M-Pesa, nje ya Inua Jamii. Sisi Waislamu wa Pwani na Kaskazini Mashariki hatuhitaji kufundishwa hili, tumepitishwa kwenye msasa wa vitambulisho mpaka tukachoka, na ni Februari 2025 tu ndipo rais alipotia saini pale Wajir kuuondoa. Wamakonde wa Kwale ndio mfano ambao kila kijana anafaa kuujua. Wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa na mkonge, wakazaa, wakazikana hapa, na bado wakahesabiwa wageni mpaka walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016 kudai vitambulisho. Vizazi vya watu waliolima utajiri wa nchi hii waliishi wakiogopa kwenda ofisi yoyote.

Kwa hivyo ukiingia kambini, swali la kwanza ni kitambulisho cha baba na mama. La pili ni vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na hapa ndipo kwenye kazi nyingi. Watoto wa kambini wengi wamezaliwa nyumbani. Mtoto aliyezaliwa nyumbani anaandikishwa kupitia naibu wa chifu, na miezi sita ikipita inakuwa ni usajili wa kuchelewa, wenye mzunguko zaidi. Bila cheti mtoto hawezi kuingizwa chini ya mzazi wake kwenye SHA. Nimeona nyumba ambayo baba amelipiwa vizuri kabisa lakini watoto watano hawamo, na mtoto ndiye anayepata malaria, si baba.

SHA yenyewe ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya NHIF, na kelele zake tumezisikia zote. Mimi pia nina malalamiko yangu. Lakini kuna jambo moja ambalo kambini halijulikani, na linaokoa: kujiandikisha ni bure, na ukishajiandikisha, matibabu ya dispensari na kituo cha afya chenye mkataba na SHA yanalipwa na mfuko wa afya ya msingi. Hata kama hujalipa mchango. Hebu rudia kusoma sentensi hiyo. Kuna mama anakaa na mtoto mwenye homa nyumbani sababu anaamini "SHA sijalipa", na dispensari iko kilomita mbili. Kwa simu ni *147#, ama unamtafuta mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, wale CHP waliopewa mikoba na serikali mwaka 2023. Hao ndio washirika wako wa kwanza, wanazijua nyumba kuliko sisi. Na mtu yeyote anayetoza pesa kuwaandikisha watu, mripoti.

Mchango unahitajika ukifika hospitali kubwa: kulazwa, upasuaji, kujifungua. Zamani kulikuwa na Linda Mama, mama asiye na bima alijifungua bila kulipa. Siku hizi ni Linda Jamii na iko ndani ya SHA, kwa hivyo mwenye mimba ambaye nyumba yake haijalipiwa yuko hatarini. Asiye na mshahara wa mwezi hufanyiwa makadirio ya uwezo wa nyumba, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hulipwa ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani shilingi 3,600. Wewe na mimi 3,600 tunaitafuta tukaipata. Anayelipwa kwa siku hiyo pesa haijawahi kukaa mkononi mwake pamoja. Kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao ni wa mkopo. Kabla hujamwingiza mtu uliza masharti yake yote, na uulize kama kuna riba, usije ukamtibu mtu mwili ukamtia kwenye jambo jingine. Maswali ya makadirio nayo yajibiwe na mwenye nyumba, polepole, si mtoto wa shule aliyeshika simu. Nyumba ya matofali ya kampuni si mali ya kibarua. Kiwango kikitoka juu ya uwezo, nendeni ofisi ya SHA ya kaunti mwombe kiangaliwe upya, mkiwa wawili.

Nyumba moja tulikaa saa mbili. Mama alikuwa akijibu kila swali huku akimtazama mumewe, kila mara akiogopa amekosea. Tulipomaliza akauliza, "Sasa mimi nimo?" Nikamwonyesha jina lake kwenye skrini. Akaitisha simu, akaishika mwenyewe akalisoma tena.

Kuna na suala la vidole. SHA imekuwa ikihamia kwenye kumthibitisha mgonjwa kwa alama za vidole. Sasa mwangalie mkata mkonge vidole vyake, ama mchuma chai aliyechuma miaka kumi na tano. Vimelika. Mashine inakataa, na mtu anaambiwa ajaribu siku nyingine, kama kwamba vidole vitaota upya kesho. Hapo ndipo uwepo wako unafanya kazi. Unasema kwa adabu: ndugu yangu, alama hazisomeki, tafadhali tumia njia nyingine ya kumthibitisha, hatuondoki. Na kama hali ni ya dharura hata hayo maneno hayana nafasi, manake Katiba, kifungu cha 43(2), imekataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Kihifadhi kwa moyo. Ukikitaja kwa utulivu dirishani, utaona watu wanavyomwita mkubwa wao.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo inanikosesha usingizi, na ambayo vikundi vyetu vya hisani huikwepa.

Tukimlipia kibarua matibabu ambayo yalikuwa juu ya mwajiri, tumemsaidia nani? Mwajiri. Tumechukua sadaka ya mama anayeuza mahamri Majengo tukamwongezea faida mwenye shamba. Hii hisani isiyouliza maswali inapendwa sana na mabosi. Watakuletea hata hema na soda.

Kwa hivyo kabla ya kutoa hata shilingi, uliza kazi yake ikoje. Umefanya hapa tangu lini? Unalipwaje? Unakatwa nini? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi, ama anayefanya kazi isiyotarajiwa kuisha ndani ya miezi mitatu, sheria inamhesabu kama mwajiriwa wa mwezi. Kukata mkonge ni kazi ya kuisha ndani ya miezi mitatu? Shamba liko pale tangu kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Watu wanaitwa vibarua miaka minane, wengine wakipumzishwa siku chache kila mara ili ionekane wameanza upya. Mwajiriwa wa namna hiyo anafaa kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara na pesa kupelekwa SHA kila mwezi. Kwenye mshahara wa shilingi 10,000 hiyo ni 275, na kwa kuwa kiwango cha chini ni 300, anakatwa 300. Shilingi 300 kwa mwezi na nyumba nzima imefunikwa, bila kuitafuta 3,600 ya mkupuo! Na kama anakatwa lakini kwenye SHA inaonekana hajalipiwa, hiyo si kazi ya sadaka tena, ni kesi. Ya ugonjwa nayo iko: baada ya miezi miwili ya kazi, mfanyakazi mwenye barua ya daktari ana haki ya siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara. Yule nyapara aliyemtishia mzee wetu hakuwa na haki ya kumtishia.

Jambo la maana ni kuandika. Nyumba moja ikilalamika ni umbea. Nyumba ishirini za shamba moja, zenye tarehe na viwango vya makato, ni faili la kumpelekea afisa wa kazi wa kaunti, ama chama cha wafanyakazi wa mashamba KPAWU, ama Kituo cha Sheria. Vijana wanapenda kuniuliza mbona tuifanyie serikali kazi yake. Swali zuri. Jibu langu ni kwamba usipokaa na familia huna ushahidi, na maandamano yasiyo na ushahidi yanaisha jioni ileile. Kwanza kaa mkekani, halafu ndiyo ubebe bango.

Sehemu ya sadaka ipo, sisemi haipo. Kuna mjane ambaye hana mwajiri wa kumdai, kuna mzee aliyeachwa na shamba mgongo umekwisha. Wa miaka 70 na zaidi, yatima na wenye ulemavu mkubwa kuna Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, msaidie aandikishwe. Wengine ndio wa kulipiwa. Mafungu manane ya zaka yametajwa kwenye Sura At-Tawba aya ya 60, na ya kwanza mawili ni mafukara na masikini. Kama mchango wa SHA wa mwaka utolewe kwenye zaka ama kwenye sadaka ya kawaida, hilo kamuulize sheikh wako, mimi si mufti. Ninachojua ni hesabu: angalia kapu la Ramadhani la msikiti wenu lilikuwa bei gani, ulinganishe na 3,600 za mwaka mzima. Kapu liliisha kabla ya mwezi mosi.

Halafu kuna wanaoninong'oneza: hao wa kambini si Waislamu wote. Ni kweli. Kuna Mgiriama, Mtaita, Mluo, Mkamba, wengine ni wa kanisa, wengine hawana habari na dini. Ile hadithi ya ujira na jasho sote tumeisikia kwenye mimbari, na mimi sijasikia mahali ilipouliza jasho ni la dini gani. Na niseme wazi, hata kama nitakosana na baadhi yenu: usiingie nyumba ya mtu na fomu ya SHA mkono huu na mawaidha mkono ule. Da'wa ina siku yake. Mgonjwa hawezi kukukataa, na mtu asiyeweza kukukataa hujamlingania, umemlazimisha.

Dada zangu, nyinyi nawahitaji zaidi ya hawa kaka zenu. Mwaka 2023 filamu ya BBC kuhusu mashamba ya chai ya Kericho ilionyesha wanawake wakidaiwa miili yao na wasimamizi ili wapate kazi. Tusijidanganye kuwa ni Kericho tu. Mama hatamwambia mvulana wa miaka 22 mwenye kalamu habari hiyo, wala habari ya mimba iliyoharibika akiwa amebeba mafungu. Atamwambia msichana aliyeketi naye jikoni. Mkiambiwa, nambari ya 1195 ni ya bure kwa dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi sheria inamtaka awe na maandishi ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Yaitisheni.

Na jambo dogo ambalo si dogo: usipige picha kitambulisho cha mtu ukaitupa kwenye grupu la WhatsApp. Usiulize PIN ya M-Pesa. Usiweke uso wa mgonjwa kwenye status. Daftari la majina liwe na mtu mmoja anayeaminika. Nyapara akilipata, watu wako watakuwa nje ya lango kesho yake asubuhi.

Kuhusu yule mzee. Jicho halirudi, daktari wa macho amesema hivyo. Safari hii hakuenda peke yake, alienda na vijana wawili wetu, mmoja wao ni yule mwanafunzi wa sheria. Ameandikishwa SHA, mkewe na watoto wanne wamo, wa mwisho bado tunafuatilia cheti chake kwa naibu wa chifu. Taarifa ya ajali imeandikwa, dai la fidia limepelekwa mwezi wa saba tangu aumie, na barua yetu ya kambi, ile iliyokunjwa kwenye nailoni, imekuwa ushahidi wa tarehe. Bado hajalipwa. Bado anakata mkonge, kwa jicho moja, na miwani ya kujikinga bado hajapewa, ingawa sheria inamtaka mwajiri ampe bila malipo. Hiyo miwani ndiyo barua yetu ya wiki ijayo kwa afisa wa kazi.

Kama unaishi karibu na shamba kubwa, lolote lile, tuandikie inbox utuambie ni kaunti gani na siku gani unaweza kutoka. Tutakupa mwenzako, hatutumi mtu peke yake. Siku ya kwanza utakuja na simu iliyojaa chaji, daftari, kalamu mbili, na nauli ya kutosha watu wawili kwenda na kurudi hospitali.